Mashine Iliyopunja Robo

3 Februari

Mdogo wangu Kijiti,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi wazima. Mama anasumbuliwa na goti asubuhi tu, na likishalegea anaizunguka nyumba nzima akinitafutia kosa. Wifi yako anakusalimu, anasema lile gauni limembana kifuani lakini usitegemee kurudishiwa. Shemeji hajambo? Na mpwa wangu, ameshaacha kunyonya kidole?

Kuandikiana huku ni amri ya Mama. Simu anasema haishikiki, maneno yanapita tu, lakini barua anaweza kusomewa mara tatu. Kwa hiyo ujue kabisa kwamba unachoandika ninakisoma jikoni kwa sauti.

Sasa nije kwenye shida yangu. Daraja wamelifunga kulitengeneza, miezi minane, na watu watavushwa mlango wa mto kwa mashua. Yangu imekwisha: mbao mpya, tanga jipya, rangi mara mbili, nafasi ishirini na nne. Nilijua nafasi hizo kwa kuwakalisha watoto wa jirani mpaka mama zao wakaja kuwachukua. Nikaenda ofisi ya bandari kuomba leseni. Mkaguzi akaniuliza, "Kipima kina kiko wapi?" Nikamwonyesha bildi ya Baba, ile kamba yenye kipande cha risasi mwishoni na vitambaa vya kuonyesha kila pima. Akaishika kwa vidole viwili kama ameokota soksi ya mtu. "Mzee, hii peleka makumbusho. Mimi nataka mashine." Mzee! Nina miaka arobaini na moja.

Ukaguzi ni tarehe 15 Mei. Nikikosa, kazi yote anapewa yule mwenye boti la injini ambaye hata kuogelea hajui. Wewe uko mjini kwenye maduka, na kazi yako ni kukagua mizani ya watu, hakuna muuza nyama atakayekupunja. Nitafutie mashine ya bei ninayoiweza. Sitaki rangi wala picha za samaki. Nataka iniambie chini yangu kuna maji kiasi gani, basi.

Jambo jingine. Fomu ina nafasi ya jina la chombo. Mama anataka niandike la Baba. Nimemwambia siandiki. Nahodha aliyesinzia badala ya kupima, akaipandisha meli ya watu kwenye fungu la mchanga, saruji yote ikalowa, huyo simpaki ubavuni mwa mashua yangu. Mpaka anaingia kaburini aliapa zilikuwa pima mbili, na kesho yake wenye meli walichomeka mti palepale wakakuta moja na nusu. Mji mzima wakamwita Pima Mbili, na sisi watoto wa Pima Mbili. Nafasi nimeiacha wazi.

Nimemsomea Mama mpaka hapa, kanipiga na mwiko.

Mimi kaka yako

19 Februari

Kaka,

Shikamoo. Mshikie Mama mikono yote miwili umpe shikamoo yangu, na umwambie asikupige na mwiko wa ugali, achukue ule mkubwa. Huku tuko salama. Mpwa wako kidole ameacha, sasa anatafuna kola ya shati la shule. Shemeji yako amehamishiwa ghala la pili, anarudi amechoka na hasemi na mtu mpaka ale.

Nimezunguka maduka matatu Jumamosi mbili. Kipima kina kinafanya kazi hivi: kuna kichwa kinachotuma mlio chini, mlio unagonga ardhi na kurudi, na mashine inahesabu umechukua muda gani. Za bei ya chini ziko za aina tatu. Ya kwanza ina kioo cha rangi na inakuonyesha samaki. Umeshaikataa, na bei yake ingekukataa wewe. Ya pili inaandika namba tu, inatumia betri kama ya gari. Kichwa chake wenye boti za plastiki wanakigandisha ndani, mlio unapita. Yako ni ya mbao, na mbao zinaumeza mlio, kwa hiyo ni ama utoboe tundu chini au ukifunge kwa nje, nyuma kwenye tezi. Ya tatu ni kama tochi. Unaichovya majini ubavuni, unabonyeza, inakupa namba kwa mita. Haitaki tundu, haitaki betri kubwa, na ndiyo rahisi kuliko zote.

Najua utasema nini juu ya kutoboa mashua, kwa hiyo nimechukua tochi. Ipo kwenye basi la kesho, kwa yule kondakta anayekufahamu.

Mambo ya jina tuyaache kwanza, Kaka.

Hivi hiyo kamba bado unaitumia kweli? Mimi nilidhani ilishaoza zamani.

Mdogo wako

8 Machi

Kijiti,

Wote wazima, goti linaendelea vizuri. Ahsante kwa tochi, na ahsante kwa kutonishauri kutoboa. Mtu atoboe chombo ili ajue maji yako wapi! Angeyajua, yangekuwa miguuni.

Lakini tochi yako inapunja.

Sikiliza nilivyofanya. Nimetia nanga mahali maji yametulia. Mkono huu bildi, mkono huu tochi, dakika ileile, ubavu uleule. Bildi inasema pima mbili. Pima moja ni mita moja na sentimita themanini na kidogo, hilo wewe unalijua kuliko mimi. Kwa hiyo mashine iseme mita tatu na nusu na ushee. Inasema mbili nukta saba. Nikasogea kwenye pima nne, mahali panapotakiwa kuwa mita saba. Inasema tano na nusu. Nimerudia mpaka mkono ukaganda. Kila mahali inakata robo. Penye mbili inakata nusu pima, penye nne inakata pima nzima. Ingekuwa inakosea ovyo ningesema ni mbovu. Hii inaiba kwa mpangilio, kama yule muuza mafuta ya taa aliyekuwa amebonyeza kopo.

Wewe si ndiye unayewapeleka watu mahakamani kwa gramu hamsini? Umeuziwa nini, dada mkaguzi?

Mama anasema labda umeibonyeza vibaya safarini. Nimemwambia haina pa kubonyea.

Kaka yako

2 Aprili

Kaka,

Shikamoo, na unisamehe kuchelewa. Tulikuwa na ukaguzi wa masoko, nilitembea na mawe ya mizani kwenye begi wiki tatu, bega langu la kulia limeshuka. Mama nimemwekea dawa ya kuchua humu kwenye kifurushi, achue usiku na asiogope harufu. Mpwa wako amekuwa wa nne darasani.

Kuhusu tochi. Kwanza, inapima kuanzia pale kichwa chake kilipo, si kutoka usoni mwa maji, kwa hiyo ongeza shibiri moja. Pili, tope laini linaweza kuidanganya. Tatu, labda kweli ni mbovu, zile za bei rahisi huwa hivyo. Nimekutumia ile ya namba tupu, ya kufunga kwenye tezi, na kibao chake na misumari ya shaba. Hii haina shida. Nimeiona ikifanya kazi kwenye pipa la maji dukani, muuzaji akaniona mwendawazimu kwa jinsi nilivyomrudisharudisha na rula yangu.

Sasa nakuomba kitu kimoja. Hiyo kamba itupe. Kamba ya miaka yote hiyo imelowa na kukauka, imevutika, imesinyaa, nani ajuaye. Ofisi haiitaki, na wewe huihitaji tena. Itupe tu, Kaka, usibishane nayo. Usiniulize sana.

Mdogo wako

20 Aprili

Kijiti,

Mama amechua goti, nyumba nzima inanuka karafuu na mafuta ya gari. Anasema dawa inafanya kazi. Wifi yako analala chumba kingine.

Shibiri nimeongeza. Ukiongeza shibiri kwenye kasoro ya pima nzima ni kama kumpa mtu aliyeporwa nauli ya kurudi nyumbani. Tope halipo, nimepima penye mwamba. Na mashine yako ya pili nimeifunga vizuri, kibao kimekaa, waya zimepita safi, nimewasha. Inakata robo ileile! Ileile, Kijiti, kana kwamba imeshauriana na tochi njiani.

Nimechoka. Miezi miwili nabishana na namba. Mkaguzi anakuja baada ya wiki tatu na nusu. Halafu wewe unaniambia nitupe kamba. Kamba ndiyo kitu pekee sahihi alichotuachia Baba! Mimi maji haya nimejifunza kwa hiyo kamba, fundo kwa fundo, na sijagusa mchanga hata mara moja. Kamba haikuwa na kosa. Mwenye kosa ni aliyeiacha sakafuni akasinzia, yeye na baharia wake Kipara, aliyekuwa na siku ya tatu kazini, wakaja wote wawili na hadithi ya pima mbili. Ukiniambia kamba si sahihi, ndiyo kusema Baba alipima? Na mimi nilitolewa shule kwenda kupiga misumari kwa watu nikiwa na miaka kumi na tano kwa sababu ya nini, hewa?

Basi, nimemaliza ugomvi. Fundi redio hapa sokoni ameifungua mashine. Ndani kuna mahali pa kurekebisha, kwa ajili ya maji baridi na maji ya chumvi, akavuta mpaka mwisho na kuongeza kifaa chake kidogo. Sasa inasoma sawasawa na kamba. Mbili kwa mbili, nne kwa nne. Mkaguzi akija ataona namba, na mimi nitaona namba, na kila mtu ataridhika. Siku ya pili naanza kuvusha. Nafasi ishirini na nne zimeshawekwa majina, wengi ni wauguzi wa zamu ya asubuhi, kutoka ng'ambo.

Mama anauliza mbona barua zako siku hizi fupi.

Kaka yako

27 Aprili

Kaka,

Hii usimsomee Mama. Soma peke yako, na usivushe mtu kabla hujafika mwisho.

Rudisha mashine ilivyokuwa. Leo, si kesho. Mashine zote mbili zinasema kweli. Kamba ndiyo inayozidisha. Ukiiamini mashine uliyoibana, itakuambia una maji ambayo huna, na siku utakayotoka nje ya njia ulizozizoea, kwa upepo au kwa kumkwepa yule wa injini, utapanda mchanga na wauguzi ishirini na nne ambao nusu yao hawajui kuogelea. Kazi ninayowafungia watu maduka kila wiki ndiyo uliyoifanya kwenye mashine hiyo. Nami ndiye niliyekufikisha hapo.

Ninaijua kamba hiyo kwa sababu niliifunga mimi.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuja nayo nyumbani abadilishe vitambaa vilivyochakaa, akafunga vipya, vyekundu na vyeupe, akaiacha imezungushwa nyuma ya mlango, akatoka. Mimi nilikuwa na mwanasesere asiye na nguo. Nikafungua vile vyekundu. Nilipovifungua vile vyeupe vikaonekana vibaya peke yake, nikavifungua vyote. Halafu nikasikia sauti yake kwenye kona ya mtaa, anacheka na fundi viatu. Unajua Baba alikuwa akifika pale anasimama muda mrefu. Nikapata wakati. Nilimwona mara nyingi anavyopima, ananyoosha mikono miwili, kamba inapita kifuani, kidole mpaka kidole, pima moja. Nikafanya vilevile. Kwa mikono yangu mimi Kijiti, ya miaka tisa. Nikafunga vitambaa vyote mpaka vikaisha, na kamba ilikuwa bado imebaki, nikaikata ile iliyobaki kwa kisu cha jikoni na kuitupa chooni. Nikaona nimefanya kazi nzuri kabisa.

Alfajiri akaichukua, akaenda kazini. Ulipokuwa unalala mimi niko macho, nasubiri agundue. Hakugundua. Siku hiyohiyo ndipo meli ilipopanda mchanga: yeye alishika usukani, aliyerusha ni Kipara, na Kipara alikuwa hajawahi kuishika kamba ile. Akaita pima mbili kwa sababu mkononi mwake zilikuwa mbili. Baba alipima, Kaka. Hakusinzia. Alipima, na alisema kweli mpaka mwisho.

Kwa nini sikusema? Siku ya kwanza niliogopa kipigo. Wiki ya kwanza watu walijaa sebuleni wakipiga kelele, nikaogopa watu. Mwezi uliofuata wewe uliacha shule, na mwaka uliofuata mimi nilisomeshwa kwa mshahara wako wa misumari. Kila karo uliyonilipia ilinifunga mdomo zaidi. Watu huniuliza ilikuwaje nikaipenda kazi ya mizani. Sijaipenda. Sikuweza kufanya nyingine.

Nimepeleka barua hii kituo cha mabasi mwenyewe na nimemlipa kondakta akupe mkononi. Rudisha mashine.

Mdogo wako

30 Mei

Kaka,

Shikamoo. Kondakta ameniapia kwamba alikupa mkononi tarehe 28 Aprili, na kwamba uliisoma umesimama palepale kituoni, watu wanakupita na mizigo. Zaidi ya hapo hajui.

Nimepiga simu kwa wifi, anasema mko salama, na mara mtandao unakatika. Mtandao wa wifi haujawahi kukatika namna hii.

Sikuombi unisamehe. Niambie tu mashine umerudisha. Ukitaka kunitukana nitukane, lakini andika.

Kijiti

2 Julai

Kijiti,

Mama hajambo. Goti limepona, au amelisahau. Wifi yako hajambo na mtandao wake hauna tatizo.

Mashine niliirudisha jioni ileile niliposoma. Fundi redio alinuna, nikamwambia anune.

Nimechelewa kwa sababu nimekuandikia barua nne na zote nimezichana. Za kwanza mbili zilikuwa na maneno ambayo ukishamwambia mtu, arusi ya mwanawe huendi.

Nilikwenda kwa fundi cherehani nikaazima futi yake. Pima zako zote tisa nimezipima mezani. Mita moja na sentimita thelathini na saba, ya kwanza hadi ya mwisho, hakuna inayoizidi nyingine hata kwa upana wa ukucha. Ulifunga vizuri, mjinga wewe. Muuza nyama yeyote angekuajiri.

Kisha nikaenda kule kwenye fungu. Mchanga umehama, kwa hiyo nilizunguka na mti mpaka nikapata mahali penye moja na nusu kama ile ya wenye meli. Nikatia nanga, nikarusha bildi. Mbili. Nikaivuta, nikairusha tena, nikafumba macho nikahesabu kwa vidole kama angefanya Kipara. Mbili. Nimekaa pale mpaka maji yakaanza kujaa.

Barua yako nimemsomea Mama. Ulisema nisimsomee, lakini aliyetajwa humo ni mume wake. Alikuwa anachambua mchele, hakuacha. Nilipofika mwisho akasema, "Mimi nilijua alipima." Akaniambia nisome tena. Mara ya tatu ndipo akalia, akauliza ulikuwa na miaka mingapi. Nikamwambia tisa. Akasema uje, na uje na mtoto.

Mimi bado nina hasira. Ya kamba sina, mtoto wa miaka tisa hana kesi, na hata Baba angekuchapa mara mbili halafu angecheka mwezi mzima. Hasira yangu ni ya ulipokuwa mtu mzima, na mshahara wako, ukikaa hapa mezani ukinisikia namwita Baba mwongo, na wewe unaomba chumvi. Sijui itaisha lini. Njoo hivyohivyo, tutakula pamoja na hasira yangu ikiwepo.

Kuna moja sikulaumu, ni yangu peke yangu. Siku ile ya mwisho, wewe ulikuwa bado uko chuoni, alinishika mkono na kusema, "Zilikuwa mbili, mwanangu." Nikamwambia, "Lala, Baba." Nilisema kwa sauti ile tunayowasemeshea walevi. Alilala.

Leseni nimepata. Mkaguzi alikuja tarehe 15 na mti wake mrefu, akalinganisha na mashine mahali patatu, hakupata kosa hata la kidole. Navusha zamu mbili asubuhi na mbili jioni, na wauguzi wanaimba vibaya sana.

Alipotaka kugonga muhuri aliona nafasi ya jina iko wazi. Nikachukua kalamu yake nikajaza. Alisoma, akacheka, akaniuliza ni chombo gani kinachoitwa Pima Mbili. Nikamwambia ni jina la baba yangu, alikuwa nahodha, na alikuwa anapima.

Kaka yako